Nani Alilinda Moto? Tumbaku, Kuni na Moshi kutoka Ulyankulu mpaka Dowa

Hapa Dzaleka, ukitaka kumnyamazisha mkimbizi kwenye mkutano, mwambie tu kwamba wakimbizi ndio waliomaliza miti. Atainama. Nimelisikia neno hilo mara nyingi, na kwa kuwa kazi yangu ni ya vijana, nimewaona pia vijana wakilisikia na kukosa la kujibu. Na kweli, hatuwezi kukataa kila kitu. Tunapikia kuni na makaa, na tuko zaidi ya watu 50,000 kwenye kambi iliyopangwa kwa ajili ya watu 10,000 hivi. Moshi wa jioni hapa kambini kila mtu anaujua.

Lakini kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994. Miti ya sehemu hizi, Dowa, Kasungu na Lilongwe, ilianza kuingia motoni miaka mingi kabla ya hapo, na sehemu yake haikukatwa kwa ajili ya chakula cha mtu. Ilikatwa kwa ajili ya tumbaku. Na kuna jambo lingine ambalo vijana wengi hawalijui: baadhi ya wazee wetu nao walikausha tumbaku, tena wakiwa wakimbizi, huko Tanzania. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo historia hii ya moshi ni ya Malawi, ni ya Tanzania, na ni yetu pia.

Kwanza tuelewane kuhusu tumbaku yenyewe, maana wengi wanaijua ikiwa sigara tu. Tanzania wakulima wanaigawa katika aina tatu kwa namna inavyokaushwa. Kuna tumbaku ya mvuke: majani yanatungwa kwenye fito, yananing'inizwa ndani ya bani, moto unawashwa kwenye tanuri, na joto linapita ndani ya mabomba ya bati yaliyotandazwa chini ya majani. Moshi unatakiwa utoke nje kwa bomba, usiguse jani. Kuna tumbaku ya moshi: hapa moto unawashwa chini, ndani ya bani lenyewe, na moshi unatakiwa ulipige jani mpaka likolee rangi na harufu. Na kuna tumbaku ya hewa, hiyo ndiyo wengi wanaiita burley. Inakauka kwa upepo kwenye kibanda, bila moto.

Ya hewa haina moto, lakini msidhani haina gharama. Kibanda chake kinataka nguzo na fito, mchwa wanakula, msimu ujao unakata nyingine. Na inataka mbolea nyingi ya chumvichumvi. Mbolea hiyo inatengenezwa kiwandani kwa nishati kubwa, nyingi yake ikitoka kwenye gesi asilia, na sehemu yake inapaa hewani shambani ikiwa amonia. Amonia ikikutana na moshi wa magari na viwanda inageuka vumbi laini sana ambalo pua haiwezi kulizuia. Lakini mimi nataka kukaa zaidi kwenye tumbaku ya mvuke, kwa sababu hiyo ndiyo iliyomla babu yangu usingizi.

Kukausha bani moja ni kazi ya siku tano mpaka saba, usiku na mchana. Mwanzoni joto ni kama digrii 35 hivi, jani ligeuke njano. Halafu linapandishwa polepole, jani likauke, na mwishoni linafika digrii 70 na kitu ili ule mti wa katikati ya jani nao ukauke. Joto likishuka usiku kwa sababu mlinzi wa moto amesinzia, tumbaku inaharibika, na kazi ya miezi yote inakuwa bure. Babu alikuwa akisema bani halilali, kwa hiyo na wewe hulali. Watoto walikuwa wanabeba kuni, mama yangu akiwemo.

Sasa hebu tufanye hesabu, hesabu ya kawaida ya sekondari. Jani bichi la tumbaku ni maji kwa sehemu kubwa, kama asilimia 85. Kupata kilo moja ya tumbaku kavu unahitaji kilo sita au saba za majani mabichi, yaani ni lazima uondoe kilo tano au sita za maji. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunataka nishati ya megajuli 2.4 hivi. Kwa hiyo maji yote hayo yanataka kama megajuli 14. Kilo moja ya kuni iliyokauka vizuri ina megajuli 15 hivi. Umeona? Kama joto lote lingefanya kazi, kilo moja ya kuni ingekausha kilo moja ya tumbaku.

Mabani ya kienyeji hayafiki huko hata kidogo. Vipimo vilivyofanywa nchi mbalimbali za Afrika vinaonyesha kilo tano, kilo kumi, na pengine zaidi, kwa kila kilo moja ya tumbaku. Nyingine zote zinakwenda wapi? Zinatoka kwenye nyufa za ukuta wa udongo, kwenye paa lisiloziba, kwenye mlango wa tanuri ulio wazi. Kuni mbichi inatumia moto wake yenyewe kuchemsha maji yaliyo ndani yake. Na sehemu nyingine inatoka kwenye bomba ikiwa moshi mweupe mzito. Moshi ule ni kuni ambayo haikuungua: ni gesi, lami na chembe ambazo zingetoa joto kama zingepata hewa na moto wa kutosha. Mkulima anaulipia kwa jasho la kukata na kubeba, halafu anauvuta kifuani.

Chembe za moshi huo ni ndogo mno. Wanaopima hewa wanaziangalia hasa zile zisizozidi mikromita 2.5, ndogo kuliko unene wa unywele karibu mara 30. Hizo zinafika ndani kabisa ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake, likasema wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa. Mtu anayelala wiki nzima mlangoni mwa tanuri yuko mbali sana na kiwango hicho. Kwa hiyo kupoteza nishati na kuchafua hewa, kwenye bani, ni jambo moja. Ukitibu moja umetibu na jingine.

Swali langu ni hili: kama hesabu ni rahisi hivi, kwa nini mabani yamekula kuni hivyo kwa zaidi ya miaka mia? Jibu nimelitafuta kwenye historia, na naona linaanzia kwa mtu aliyekuwa akilinda moto.

Inasimuliwa kwamba tumbaku ya njano ya joto kali ilipatikana mwaka 1839, Caswell County, North Carolina, Marekani, kwenye shamba la mtu aitwaye Abisha Slade. Aliyekuwa analinda moto usiku huo alikuwa mtumwa, jina lake Stephen. Alisinzia, moto ukakaribia kuzimika, akakimbilia makaa ya mhunzi akayatupia. Joto likapanda ghafla na majani yakatoka na rangi ya njano ya dhahabu. Tumbaku hiyo iliuzwa ghali, na wenye mashamba wa sehemu ile wakatajirika. Stephen hakuwa na shamba, hakuwa na msitu, hakuwa na bei. Alikuwa na usiku tu. Baadaye yakaja mabomba ya bati, ndiyo mvuke tunaoujua leo, na ufundi huo ukasafiri mpaka Afrika.

Ulifika Tanganyika kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, Kongwa, Nachingwea na Urambo. Matrekta yakang'oa miyombo, pauni zaidi ya milioni 30 zikapotea, na kufika mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa. Urambo, nchi yenye jina la Mtemi Mirambo, ikabaki na ardhi iliyofyekwa na msitu uliobaki. Wakaamua kupanda tumbaku. Ardhi ya mchanga inaifaa, na kuni zilikuwepo pande zote, hakuna anayezihesabu. Baada ya uhuru serikali iliendelea na njia hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Benki ya Dunia ilitoa mkopo kwa ajili ya tumbaku ya mvuke.

Wakati huohuo sisi ndipo tulipoingia. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwakimbiza watu wengi, na Tanzania ikawapa makazi kwenye misitu ya magharibi: Ulyankulu kule Tabora, Katumba, na kuanzia mwaka 1978 Mishamo. Lazima tuseme ukweli, Tanzania ilitutendea wema mkubwa. Watu walipewa ardhi, wakalima, wakalipa kodi. Lakini mpango ulikuwa kwamba mkimbizi asiwe mzigo, alime chakula na alime zao la kuuza. Zao la kuuza lilikuwa tumbaku.

Babu alipewa kipande cha msitu, shoka na mbegu. Msitu ukawa shamba, na magogo ya msitu huohuo yakawa kuni ya bani. Mama anakumbuka kwamba mwanzoni kuni zilikuwa nyuma ya nyumba. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na kitu, safari ya kuni ilikuwa ya asubuhi nzima. Ulyankulu ilifika mahali maji na ardhi havikuwatosha watu, na mwishoni mwa miaka ya 1970 maelfu walihamishiwa Mishamo, wakaanza tena na msitu mwingine.

Kwa nini babu hakupanda miti? Wataalamu walikuwa wanasema pandeni mikaratusi. Mkaratusi unataka miaka sita, saba, nane kabla haujawa kuni ya maana. Babu alikaa Ulyankulu zaidi ya miaka 30, lakini hakuna mwaka hata mmoja aliojua kwa hakika kwamba mwaka wa saba atakuwa bado yupo pale. Uraia ulikuja baadaye sana, watu zaidi ya 160,000 wa mwaka 1972 na watoto wao, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Familia yetu ilikuwa imeshachagua kurudi Burundi mwaka 2008. Mwaka 2015 tukakimbia tena, ndiyo maana naandika kutoka Malawi. Mtu asiye na uhakika wa kesho anajenga bani la udongo na fito, la bei rahisi, la leo. Na bani la bei rahisi linakula kuni.

Kumbe Malawi nako hadithi ilikuwa hiyohiyo, kwa watu wengine. John Buchanan alipanda tumbaku Nyanda za Juu za Shire mwaka 1889. Miaka ya 1920 ikaenea huku mkoa wa kati, na wakulima wadogo wakalima tumbaku ya moshi. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliunda bodi ya kusimamia tumbaku ya wenyeji. Baada ya uhuru wa mwaka 1964, sheria iliruhusu burley na ile ya mvuke kulimwa na wenye mashamba makubwa wenye leseni tu. Mkulima mdogo alibaki na ya moshi na aina nyingine chache, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipoanza kuruhusiwa burley.

Kwenye mashamba hayo makubwa kazi ilifanywa na wapangaji, wengi wao waliotoka kusini na familia zao. Mpangaji alipewa eneo, akakopeshwa unga na mbolea, akalima, akauza kwa mwenye shamba kwa bei ya mwenye shamba, halafu deni likakatwa. Mwisho wa msimu wengine waliondoka mikono mitupu. Huyu naye, mwambie apande mti wa miaka saba kwenye shamba la bosi! Atakushangaa.

Mwaka 1999 mtafiti Helmut Geist alikadiria kwamba tumbaku ilikuwa inaondoa hekta kama 200,000 za misitu na miti duniani kila mwaka, na nchi za kusini mwa Afrika zilikuwa kati ya zilizoumia zaidi. Mwaka huo Dzaleka ilikuwa na umri wa miaka mitano.

Sasa tulinganishe na upande wa pili. Marekani, watu waliacha kuni katikati ya karne iliyopita, wakahamia mafuta na gesi. Baadaye mabani yao yakawa yanapuliza hewa ya moto wa gesi moja kwa moja kwenye majani. Karibu na mwaka 2000 ikaonekana kwamba hewa ile inaongeza kwenye jani kemikali zinazoitwa nitrosamini, ambazo zinaleta saratani. Kampuni zinazonunua zikasema hazitaki tena tumbaku ya namna hiyo. Ndani ya miaka michache tu mabani ya North Carolina yalibadilishwa, yakawekewa vifaa vya kutenganisha hewa ya moto na jani, na fedha za kusaidia kazi hiyo zikapatikana. Mimi siwalaumu kwa kubadilisha, walifanya vizuri. Nasema tu: mnunuzi alipotaka, bani lilibadilika haraka. Kifua cha mlinzi wa moto na msitu wa Tabora havikuwahi kupata haraka hiyo.

Ufundi wenyewe ulikuwepo. Mwaka 1982 Larry Winiarski, kwenye kituo cha Aprovecho kule Oregon, alieleza kanuni za jiko ambalo wengi wanaliita roketi. Chumba cha moto kinakuwa kidogo, chenye umbo kama herufi L, kimezungukwa na kitu kisichopitisha joto. Kuni zinakuwa kavu, nyembamba, zinaingia kidogo kidogo, hewa ikipita chini yake. Moto unakuwa mkali kiasi kwamba moshi unaungua kabla haujatoka. Miaka ya 2000 kanuni hiyo iliingizwa kwenye mabani ya tumbaku hapa Malawi, kuta zikazibwa vizuri, joto likazungushwa badala ya kukimbilia nje. Matumizi ya kuni yalipungua kwa karibu nusu, na pengine zaidi. Matofali, bati kidogo, na akili. Hamna kitu pale ambacho babu asingeweza kujenga kama angekuwa na miaka kumi ya uhakika mbele yake na mkopo usiomnyonga.

Kuna Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003. Ibara yake ya 18 inasema mazingira na afya za watu wanaolima tumbaku zilindwe. Maneno mazuri. Ila mpaka leo kijana wa hapa akienda ganyu, yaani kibarua cha siku, kwenye tumbaku wakati wa mavuno, anarudi na kizunguzungu na kutapika kwa sababu majani yenye umande yanapitisha nikotini kwenye ngozi, au anarudi na kikohozi cha bani. Nimekaa na vijana wa namna hiyo kwenye kikundi chetu. Hawaulizi kuhusu ibara. Wanauliza kama wiki ijayo kuna kazi tena. Malawi ilipokubali mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka masharti yake kuhusu ajira, mali na kutembea, kwa hiyo kijana huyo hawezi kumwambia bosi kwamba tanuri lina ufa au kwamba kuni ni mbichi. Akisema sana, kesho anachukuliwa mwingine.

Hapo ndipo mstari wote unapounganika, kwa macho yangu. Stephen, babu, mpangaji wa Kasungu, kijana wa ganyu: wote walilinda moto wa mtu mwingine, au moto uliowekewa bei na mtu mwingine. Kuni yao ilihesabiwa bure, usiku wao bure, kifua chao bure. Na kitu kinachohesabiwa bure nani atahangaika kukibana? Kwa hiyo tukizungumza kuhusu kuokoa nishati kwenye kilimo, tusianze na kumlaumu mwenye shoka. Tuulize ardhi ni ya nani, atakaa miaka mingapi, na bei imepangwa na nani.

Hii haitupi ruhusa ya kuendelea kukata ovyo. Kikundi chetu kimeanza kufinyanga majiko ya udongo kwa kanuni ileile ya roketi, na kazi ngumu kuliko udongo ni kuwashawishi watu wakaushe kuni na kuzipasua nyembamba. Tunapunguza moshi wa sufuria, si wa bani. Ni kidogo, lakini hapo ndipo mkono wetu unapofika kwa sasa.

Nina ombi moja kwa wasomaji. Wazee waliokausha tumbaku Ulyankulu, Katumba na Mishamo wanapungua. Vitabu vinataja kilo zilizouzwa na idadi ya wakimbizi, lakini mimi sijaona kitabu kinachosema familia ilichoma mikokoteni mingapi ya kuni kwa msimu, kuni zilitoka umbali gani mwaka wa kwanza na mwaka wa ishirini, nani alikohoa, na baada ya deni kilibaki nini. Kama una mzazi au babu aliyelinda moto huo, kaa naye umuulize, uandike, hata ukurasa mmoja. Asiyeweza kuandika aje Jumamosi kwenye kikundi, tutaandika pamoja. Siku nyingine mtu akisimama mkutanoni na kusema wakimbizi wamemaliza miti, nataka kijana wa hapa ainuke na kumjibu kwa adabu, kwa tarehe na kwa hesabu.